Jicho la Kushoto la Fundi wa Itigi

Fundi wa baiskeli wa Itigi alipofuka jicho la kushoto mchana kweupe, hatua chache kutoka jikoni kwa mkwe wake. Dawa pekee ambayo watu wa pale waliiamini ilikuwa humo jikoni, kifuani kwa mkwe huyo, aliyekuwa akinyonyesha. Dawa haikumfikia. Fundi alisema aliikataa mwenyewe. Alilisema hilo hospitalini, akalirudia mbele ya wazee wa ukoo, na kwa neno hilo mke wa mwanawe akabaki na ndoa yake na watoto wake.

Nilimfahamu miaka mingi kabla ya siku ile, na miaka kadhaa baada yake. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nakaa upande wa pili wa reli, na nilikuwa mmoja wa wanawake wachache wa mji ule waliokwenda kazini kwa baiskeli. Mwenye baiskeli Itigi hakosi kuonana na fundi wake. Mji umezungukwa na vichaka vya miiba, na pale ambapo hakuna kichaka, mbigili zimetandaa njiani kana kwamba kuna mtu anazipanda na kuzipalilia.

Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba yake, si mbali na stesheni: mabati juu ya nguzo, kigoda, beseni la maji la kutafutia pancha, na rimu zimetundikwa ukutani. Nyuma kulikuwa na ua wa minyaa, kama nyumba nyingi za kwetu. Pembeni, upande wa kulia wa kigoda chake, mwanawe alipooa walijenga jiko la mke wa mwanawe, kwa kuwa mahali pengine hapakuwa na nafasi. Kila mtu alimwita Fundi, hata dada yake mkubwa wa Mtinko, ambaye yeye mwenyewe ukoo mzima ulimwita Shangazi.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuna mteja aliyewahi kumshinda: rimu haitoki kibandani kwake ikiwa uchi. Ndani ya rimu vichwa vya spoku hujitokeza, na pasipo utepe wa kuvifunika, huila tyubu kutoka chini. Mafundi wengine walitafuta tundu, wakabandika kiraka, wakapokea chao. Yeye alilitazama tundu kwanza. Siku ya kwanza nilipompelekea tyubu iliyoisha pumzi aliigeuza mara mbili, akaniambia, "Mwalimu, hii haikuchomwa. Imeng'atwa."

"Kuna tofauti gani, Fundi?"

"Kubwa. Aliyechomwa ana adui njiani. Aliyeng'atwa analala naye nyumba moja."

Kazi yenyewe aliifanya hivi. Alivua tairi, akatoa tyubu, akaifuta rimu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha akaiosha kwa sabuni kuondoa hayo mafuta ya taa, kisha akaiacha juani. Hapo mteja mwenye haraka alianza kuhema. Rimu ikikauka, alivaa mkononi soksi ndefu ya nailoni, moja ya zile zinazokuja na mitumba na hakuna anayejua ni za nini, akaizungusha ndani ya rimu yote. Soksi iliponasa, alijua pana ukucha wa chuma, akapapiga tupa. Ndipo aliposhika utepe. Alianzia upande unaotazamana na tundu la valvu, akauvuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka, akiukandamiza kwa dole gumba, akazunguka rimu nzima na kupita pale alipoanzia. Tundu la valvu hakulikata kwa kisu. Alipasha spoku motoni mpaka ikawa nyekundu, akatoboa mara moja.

"Kisu kinaacha mdomo," alisema, "na mdomo ukishafunguka haufungi. Muulizeni dada yangu."

Nakumbuka mfanyabiashara mmoja wa vitunguu aliyekuwa na treni ya kuwahi. Alikaa kwenye jiwe, akasimama, akakaa tena.

"Fundi, mimi nimeomba kiraka. Sikuomba baiskeli ioge."

"Kiraka kipo. Ukitaka cha kwenda tu, kuna fundi pale sokoni. Ukitaka cha kwenda na kurudi, kaa."

"Hiyo rimu imekosa nini jamani?"

"Imekaa uchi mbele za watu, na wewe ndiye baba yake."

Watu walicheka, mwenye vitunguu naye akacheka, akakaa. Treni yenyewe ilichelewa, kama kawaida yake.

Enzi ya Ruksa ilipoingia, biashara ikafunguliwa na maduka kujaa, Fundi alikuwa wa kwanza kuitukana na wa kwanza kununua. Alisema tyubu mpya zilikuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, kisha ukazikuta zimejaa kibandani kwake. Alisema baiskeli za gia zilizokuja na makontena zilikuwa ni baiskeli za kuchezea, kisha akaenda mpaka Singida mjini kutazama jinsi gia zake zinavyobadilika. Zamani utepe wake ulikuwa wa kitambaa cha marekani au wa mpira uliochanwa kutoka tyubu kuukuu. Marobota ya mitumba yalipoanza kushushwa stesheni, wengine walikimbilia mashati. Yeye alikwenda kuokota mikanda ya plastiki iliyoyafunga. Ilikuwa na upana ule ule wa tumbo la rimu, haikulegea kwa joto, haikuoza kwa maji. Alijisifu kwa ugunduzi huo kuliko mtu aliyepata suti.

Alikuwa mtu wa majivuno, na sitaki kumpamba. Akishakuambia gurudumu fulani limekamilika, usingemfanya akiri kosa hata kama limelala chini mbele yake. Angesema ulipita pasipopitika. Mlango wa nyumba yake mwenyewe uliinama bawabani miaka yote niliyomjua, na aliyemwambia aliambiwa kwamba mlango haukimbii barabarani. Alikuwa na usemi wake, "Hewa haina ndugu," na kila mtu alipewa: mkulima, mkuu wa stesheni, mimi. Maana yake ilikuwa kwamba hewa hutoka inapoona njia, haijali ni baiskeli ya nani.

Lakini mtu huyo mwenye mdomo mkali alikuwa bubu mbele ya mke wa mwanawe. Katika nyumba yake, baba mkwe na mkwe hawakupita njia moja kwa wakati mmoja, hawakutazamana usoni, hawakupeana kitu mkono kwa mkono, wala kuzungumza moja kwa moja. Kabla hajakata kona kwenda uani alikohoa. Mkwe akimwona mbali aliacha njia, akasimama majanini mpaka mzee apite. Kukiwa na jambo la kusemwa, lilisemwa kwa kuku. Nililisikia hili mara nyingi nikisubiri baiskeli yangu. Sauti ilitoka jikoni:

"Wewe kuku, waambie wenye njaa kwamba ugali umeiva."

Naye Fundi, bila kugeuka, aliiambia rimu aliyoishika, "Rimu, sema tumesikia."

"Kuku, waambie mlenda utapoa."

"Rimu, sema hii ni kazi ya watu."

Ilikuwa kama mchezo, na kwa namna fulani ilikuwa mchezo, kwa kuwa wote wawili walikuwa na ulimi mtamu na walijua sisi tunasikiliza. Lakini mpaka haukuvukwa. Sikuwahi kumsikia Fundi akimwita mkwe wake.

Sasa nije kwenye baiskeli iliyoleta balaa. Ilikuwa ya mrina asali, mtani wake Fundi, mtu aliyeingia vichakani siku nyingi na kutoka na madumu ya asali kwenye keria kupeleka stesheni. Kwa miiba ya vichaka vile, alisukuma baiskeli kuliko alivyoipanda. Mzungu mmoja wa wapima madini alipomaliza kazi yake alimwachia baiskeli ya gia yenye matairi manene. Ilimtumikia vizuri ajabu, mpaka siku moja tairi la nyuma likakaa chini, naye akaileta.

"Mla hewa, nimekuletea mgonjwa," alisema.

"Mla nyuki, umeshamwua ndipo umlete."

Fundi alivua tairi, akaingiza mkono kutafuta tyubu. Haikuwemo. Nilikuwepo siku hiyo. Alitoa mkono, akautazama, akauingiza tena kama mtu aliyepoteza pete kwenye gunia. Ndani ya rimu mlikuwa na utepe wa manjano, umebandikwa vizuri kiasi kwamba hakusema neno la kuudharau, na ndani ya tairi mlikuwa na ngozi nyeupe nyembamba, kama utando wa uji uliopoa. Alivuta kipande, akakinusa, akakitafuna kidogo kwa meno ya mbele. Kisha akaanza kucheka.

"Hawa wamefanya kazi ya mnyaa! Utepe umezuia hewa chini, tairi limezuia juu, na penye tundu la mwiba utomvu unakwenda kuganda. Mla nyuki, hii ni dawa iliyopo uani kwangu."

Kila mtoto wa Singida anaujua utomvu wa mnyaa. Ukivunja kijiti unachuruzika mweupe kama maziwa, ukikaa unaganda kama mpira. Kila mtoto anajua pia kwamba ukiingia jichoni ni balaa. Fundi alilijua hilo kuliko wote. Alikinga utomvu akiunyoosha mkono mbali na uso, akauchanganya na maji, akauchuja kwa kipande cha kanga. Akavua utepe wa manjano, akavisha rimu mkanda wa robota kwa taratibu zake zote, akamimina, akajaza upepo. Gurudumu lilisimama. Mrina asali aliingia vichakani akatoka, akaingia akatoka, na miiba ilibaki imechomeka tairini kama nywele za nungunungu bila hewa kutoka. Watu walikuja kuitazama. Fundi alivimba kichwa kuliko tairi lenyewe.

Siku ya balaa sikuwepo, nilikuwa darasani. Ninayoyaandika niliyakusanya baadaye kwa mrina asali, ambaye nilimuuliza zaidi ya mara moja, na hakubadilisha neno.

Ilikuwa zamu ya gurudumu la mbele. Mikanda ya marobota ilikuwa imeisha, kwa kuwa wauza mitumba nao walikuwa wamegundua matumizi yake. Fundi alikuwa na tepu nyeusi ya dukani, mpya, yenye gundi, inayong'aa. Aliishika akasema haiamini. Mtani wake akamwambia, "Weka hiyo hiyo, nyuki hawanisubiri." Na mtu yule aliyemkalisha kila mmoja wetu juani mpaka rimu ikauke, kwa mtani wake alikubali. Aliibandika juu ya rimu ambayo bado ilikuwa na unyevu. Akamimina utomvu, akajaza upepo, akaliegemeza gurudumu juani. Baada ya muda likaanza kulia polepole. Fundi alikuwa na desturi ya kuweka sikio kwenye rimu ili ajue hewa inatokea spoku ipi. Aliweka sikio, akaipata, akageuza uso atazame.

Gundi ilikuwa imelainika kwa jua. Tepu ikateleza, na utomvu ukatoka kwenye tundu la spoku kama mate ya swila, ukamwingia macho yote mawili.

Wafugaji wa huku wana dawa moja ya jicho lililoingiwa na mnyaa: maziwa ya mama anayenyonyesha, yakamuliwe papo hapo juu ya jicho. Mrina asali alikimbilia bomba la stesheni kuchota maji, na njiani alipiga kelele, "Maziwa! Nani ananyonyesha?" Sokoni wote walimsikia. Aliporudi na ndoo alimkuta Fundi amekaa chini, kofia ameikandamiza usoni, anatikisika. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Mtoto alikuwa chini kwenye mkeka, analia. Kati ya mlango ule na kigoda hapakuwa na mtu mwingine, wala hakuna mwingine aliyeona kilichopita hapo katikati.

Mama mwingine mwenye mtoto mchanga alitokea ng'ambo ya reli, lakini alifika Fundi ameshapakiwa kwenye mkokoteni kwenda hospitali. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilibaki na wingu jeupe. Niliongea na daktari mwenyewe. Alisema maziwa yasingefanya lolote la kuyashinda maji safi mengi, na kwamba kilichokosekana ni maji hayo dakika ile ile. Nililieleza hilo kwa kila aliyeniuliza. Hakuna aliyenibishia, na hakuna aliyelichukua. Itigi haikuwa ikiuliza habari za dawa. Ilikuwa ikiuliza habari za mkwe.

Wengine walisema jicho ni jicho, heshima ingesubiri. Wengine, hasa wazee, walisema mtu akishapokea maziwa ya mwanamke amekuwa mwanawe, na baba mkwe atakuwaje mtoto wa mkwe wake? Heri jicho. Lakini hao hao, ukiwauliza kama mkwe alifanya vizuri kubaki mlangoni, waligeuza mazungumzo.

Shangazi alikuja kutoka Mtinko, na kikao kikaitishwa. Mrina asali aliitwa kama shahidi. Alinihadithia kwamba Shangazi hakukaa. Alisema amesimama, akimnyooshea kidole mkwe aliyepiga magoti pembeni na kanga usoni.

"Mwanamke ameona baba yake anapofuka, akashika mlango! Hata jirani angekimbia. Hata mbuzi angelia. Mimi nasema arudi kwao, watoto wabaki."

Mume wa yule mwanamke, mtoto wa Fundi, alikuwa mtu wa kusafiri na vitunguu, mpole, na mbele ya shangazi yake alikuwa mpole zaidi. Alitazama chini. Ndipo Fundi, na kitambaa jichoni, aliposema, "Alikuja. Nikamkataza. Nikamwambia arudi ndani. Mwenye kosa ni mimi, na jicho ni langu."

Mwenye jicho akishasema hivyo, wazee watasema nini? Kikao kiliisha.

Baada ya hapo alihamisha kigoda, akakikalisha kiasi kwamba jicho bovu ndilo lililotazama jiko. Alisema mbele yetu, kwa sauti ya kusikika, "Sasa heshima imekuwa rahisi. Upande ule sioni hata nikitaka." Tulicheka, tukitazamana. Jikoni sufuria ilianguka. Mchezo wa kuku na rimu ulikufa. Chakula kililetwa, kikawekwa juu ya gogo, miguu ikaondoka. Naye alikula akiwa ameupa mgongo mji mzima.

Kazi ya mnyaa aliiacha, akarudi kwenye tyubu. Lakini hakukiri kwamba alikosea. "Kazi ile ilikuwa sahihi," aliniambia, "ila tepu ilikuwa na uongo." Nikamkumbusha unyevu wa rimu. Akasema rimu ilikuwa kavu. Nikamwambia mtani wake mwenyewe anasema ilikuwa na unyevu. Akasema mtani wake anajua nyuki.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa na mashaka. Mtu asiyekubali hata lawama ya unyevu wa rimu, lawama ya jicho alikuwa ameibeba mara moja, mbele ya watu, bila kubembelezwa. Nilikaa na jambo hilo. Halikuwa langu kuuliza.

Kisha nikahamishiwa Ulemo. Vyombo vyangu vingine nilikuwa nimeviacha Itigi, na miaka michache baadaye nilirudi kuvifuata. Nilifika Jumatatu, nikaazima baiskeli ya mwenyeji wangu, nikaenda kumsalimu Fundi. Alikuwa ameketi pale pale, ana rimu mapajani. Wingu lilikuwa limeanza kwenye jicho la kulia pia. Pancha na mnyororo alikuwa amewaachia wengine. Watu walimletea rimu tu avishe utepe, kwa kuwa kazi hiyo vidole vyake viliweza vyenyewe.

Kabla sijafika kibandani, mkwe alinipokea njiani, akapiga goti kidogo kunisalimu, akasema, "Mwalimu, pita kwanza jikoni unywe chai." Hakuwahi kunikaribisha jikoni kwake kabla ya siku hiyo. Alinipa kigoda, akasimama akiangalia mlango.

"Jicho la pili linakwenda," alisema.

"Nimeona. Hospitali wamesema nini?"

"Wamesema ni mtoto wa jicho, anatolewa kwa upasuaji. Lakini Shangazi ametuma neno. Anasema jicho la pili haliendi bure, nyumba hii imebeba uongo. Ijumaa baada ya sala anakuja, kila mtu aseme lake." Alikunja upindo wa kanga, akaukunjua. "Uongo huo naujua mimi, Mwalimu."

Niliweka kikombe chini.

"Aliniita. Si kwa kuku. Mimi. 'Njoo, njoo.' Nikamweka mtoto chini, nikafika hapo mlangoni, mguu mmoja nje. Nikawaza watu, nikawaza uso wa mume wangu. Nikaurudisha mguu. Alisikia ninavyourudisha. Halafu mbele ya wazee akasema alinikataza."

"Mumeo anajua?"

"Wewe Mwalimu! Angejua ningekuwa hapa?" Alijifuta kwa kiganja. "Amebeba uongo wangu mpaka jicho la pili linaondoka. Ijumaa nasema."

"Watakurudisha kwenu. Watoto watabaki."

"Najua."

Nilimwambia tena yale ya daktari, kwamba wingu lile ni ugonjwa wa kawaida wa wazee na halijui habari za vikao. Alinisikiliza kwa adabu, akanijazia chai.

Nilipokwenda kibandani Fundi aliniwahi kabla sijafungua mdomo.

"Mnyororo umelegea, nimeusikia tangu relini."

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Na chai ya huko imechukua muda mrefu kuliko chai. Amekuambia?"

Nikasema, "Ameniambia."

Alivuta utepe, dole gumba likitembea nyuma yake. "Wewe ulikuwepo siku ile?"

"Sikuwepo."

"Basi." Alifika kwenye tundu la valvu, akalipita. Nilidhani mazungumzo yameisha. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi pale kikaoni sikusema uongo, Mwalimu. Wala sikusema kweli. Macho yanaungua, unafikiri mtu anachagua maneno? Nilisikia miguu inakuja. Nikapiga kelele. Nikasikia miguu inarudi. Kelele ile ilisema njoo au ilisema rudi, sijui. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Wazee waliponiuliza, nikawapa ile isiyomfukuza mtu."

Aligeuza uso kwangu, lakini akikosea kidogo mahali nilipo.

"Yeye amesema nilisema nini?"

Miaka yote hiyo waliishi hatua chache mmoja kutoka kwa mwenzake, na hakuwa na njia ya kumuuliza. Hata kuku asingefaa kwa swali lile.

"Amesema uliita. 'Njoo, njoo.'"

Dole gumba likasimama. Utepe ulilegea upande mmoja na hakuukaza.

"Kwa hiyo niliita," alisema, kama mtu anayejaribu kofia ya mwenzake. Kisha akatikisa kichwa. "Au ananilinda. Anaona aibu baba mkwe wake kuitwa mjinga aliyekataa dawa. Yule anaweza, ana akili. Mwambie asiseme Ijumaa."

"Nimemwonya. Anasema atasema."

"Basi atasema, nami nitasema. Neno lake na langu, watachukua langu."

"Na ukiulizwa tena, utaapa?"

Aliutafuta mwanzo wa utepe kwa kucha, akaubandua wote, akaanza upya.

Nilijaribu njia moja nyingine. Jumatano nilimwendea mrina asali, nikamuuliza kama alipokuwa akikimbilia bomba alisikia sauti yoyote nyuma yake. Alifikiri sana. Akasema alisikia mtu akipiga kelele, lakini yeye mwenyewe wakati huo alikuwa akipiga kelele akitafuta maziwa, na hakushika neno hata moja.

Treni yangu iliingia Alhamisi mchana. Nilipita kuaga. Fundi alikuwa kwenye kigoda chake, mkwe alikuwa nje ya jiko akipepeta mtama, na ungo ukishuka na kupanda nilikuwa nausikia toka kibandani. Hawakuwa wamesemezana. Chumba cha Shangazi kilikuwa kimeshafagiliwa na mkeka kutandikwa, na kila mmoja wa hao wawili alikuwa ameshaniambia, kwa wakati wake, maneno atakayosimama nayo kesho yake ili kosa liwe lake.